Mtu-ndege wa plastiki na mabawa yake

Mtoto akikabidhiwa sanamu ya kuchezea yenye umbo la mtu na mabawa ya ndege, huuliza swali moja kabla ya yote: «Je, huyu aruka?» Mzazi aweza kujibu kwa kucheka. Fundi aliyeibuni sanamu hiyo hana ruhusa ya kucheka, kwa maana swali hilo ndilo kazi yake. Amelala nalo na kuamka nalo, na mbele ya meza yake yenye kalamu, nta na visu vidogo amelijibu mara nyingi kabla mtoto hajaliuliza.

Leo tunataka kueleza habari za kazi hiyo: jinsi wanavyobuniwa watu-ndege wa hadithi za sayari za mbali, wale wa plastiki, wenye viungo vinavyogeuka, mabawa ya kuvika na kuvua, na mitambo ya kurukia mgongoni. Wengine watasema ni jambo la kitoto. Ni kweli, ni la kitoto. Lakini ndani yake mna elimu ya mifupa ya ndege, hesabu za uzito, ufundi wa chuma, na safari moja mliingia kifo cha mtoto. Tena wanafunzi wetu wa Bukavu na Lubumbashi, waliozoea kujitengenezea motokari za waya na makopo, watayatambua upesi mengi ya mambo haya, kwani aliyekwisha kufunga bawa la bua kwa uzi amekwisha kuona jinsi linavyoelemea upande mmoja.

Watu-ndege hao walianza katika karatasi. Mwaka 1934 Mmarekani Alex Raymond alianza kuchora katika magazeti hadithi ya Flash Gordon, kijana aliyefika katika sayari ya Mongo. Huko walikuwako watu wenye mabawa ya kipanga, na mfalme wao aliitwa Vultan. Mwaka 1940 akatokea Hawkman, maana yake mtu-kipanga, katika hadithi iliyotungwa na Gardner Fox na kuchorwa na Dennis Neville. Kwanza walimwita mtu wa kale wa Misri aliyezaliwa tena. Mwaka 1961 wakamgeuza kuwa askari aliyetoka sayari ya Thanagar. Waandishi hao walijua vema kwamba mtu mzima hawezi kuinuliwa na manyoya. Kwa hiyo walimpa madini ya ajabu yanayoushinda uzito, na mabawa yakabaki na kazi ya kumwongoza tu njiani. Mwandishi aweza kuponyoka hivyo, kwa neno moja. Fundi wa sanamu hawezi, maana kitu chake chashikwa kwa mkono, nacho kikianguka mezani kila mtu aona.

Sanamu zenye viungo za kuwapa wavulana zilianza kujulikana sana mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ya mji wa Pawtucket ilipotoa askari wake G.I. Joe. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 30 na sehemu 21 zinazogeuka. Wenye kampuni walikataza kabisa asiitwe mwanasesere, wakihofu kwamba hakuna mvulana atakayekubali kumnunua. Wakatunga jina jingine, lenye maana ya sanamu ya vitendo. Jambo hilo lachekesha kidogo, lakini lilibadili kazi ya mafundi. Mwanasesere hupambwa na kulazwa. Sanamu ya vitendo lazima ipige magoti, ishike kitu, igeuze kichwa, na ikiwa ina mabawa, lazima mabawa yafanye neno.

Miaka minne baadaye, yaani 1968, mbuni Mel Birnkrant alitoa watu saba wa sayari mbalimbali kwa kampuni ya Colorforms. Mmoja wao, Commander Comet, aliyesemwa kuwa mtu wa Zuhura, alikuwa na mabawa. Watu hao walikuwa wa mpira laini wenye waya ndani. Ukimkunja mkono, unakaa vilevile ulivyomkunja. Hila hiyo ni nzuri na rahisi, ila waya ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja hukatika, kama ajuavyo kila mtoto aliyewahi kuukata waya bila koleo.

Mabawa yakae wapi?

Sasa tufike mezani pa fundi. Ana karatasi nyeupe, naye ameambiwa: «Tupe mtu-ndege.» Neno la kwanza la kuamua ni mahali pa mabawa, na njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuyaweka mgongoni, kama wachoraji walivyofanya tangu zamani. Mtu abaki na mikono yake miwili ya kushikia upanga au bunduki ya miali, na mabawa yawe nyongeza. Njia hiyo yapendeza macho, lakini ndege hakuumbwa hivyo. Mtazame furukombe katika mwambao wa ziwa Tanganika anapotua juu ya mti na kukunja bawa lake: utaona bega, kiwiko na kifundo cha mkono, kila kimoja mahali pake. Bawa la ndege ni mkono. Ndani yake mna mfupa mmoja wa juu, mifupa miwili ya chini, na mabaki ya vidole vitatu. Kiumbe mwenye mikono miwili na mabawa mawili na miguu miwili ana viungo sita, na hakuna ndege wala mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliye na sita.

Njia ya pili ni kuufanya mkono wenyewe kuwa bawa. Hiyo ndiyo waliyoifuata mafundi wa kampuni ya Mattel huko California walipomtoa Stratos mwaka 1982. Stratos alikuwa mmoja wa wale wanane wa kwanza wa mfululizo uitwao Masters of the Universe, pamoja na shujaa He-Man na adui yake Skeletor. Urefu wake ni kama sentimita 14, kifua kipana, mwili wa kijivu wenye malaika kama ya mnyama, na macho makubwa yanayofanana na miwani ya rubani. Mabawa yake ni vipande viwili vya plastiki vinavyovikwa mikononi, na mgongoni hufungwa chombo cha kurukia. Kulikuwa na namna mbili: mwingine mwenye mabawa mekundu na chombo cha buluu, mwingine mwenye mabawa ya buluu na chombo chekundu.

Hapo pana jambo la kutufikirisha. Kama mikono yake ni mabawa, chombo cha mgongoni ni cha nini? Nadhani mbuni alikuwa na shaka na manyoya yake mwenyewe. Mtoto akiona mabawa peke yake, ataona ndege. Akiona chombo cha moto peke yake, ataona rubani. Akiviona vyote viwili pamoja, atasema mtu huyu ametoka katika dunia nyingine ambamo ndege wamejifunza ufundi. Lakini waweza vilevile kusema kwamba kitu kimoja kingalitosha, na kwamba fundi aliyeweka viwili hakuamini hata kimoja. Mimi nampendea Stratos shaka hiyo. Yamfanya awe wa ajabu kuliko wenzake.

Tena shaka yake ilikuwa na sababu ya kweli katika hesabu. Sikieni kisa hiki. Mwaka 1878, huko Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, Milton Wright, askofu wa kanisa moja la Kiprotestanti, alirudi nyumbani kutoka safari akiwa ameficha kitu mkononi. Akakirusha hewani mbele ya wanawe Wilbur, aliyekuwa na miaka 11, na Orville, aliyekuwa na miaka 7. Kilikuwa kitu cha kuchezea cha mwanzi, kizibo na karatasi, kikizungushwa na mpira uliosokotwa, kwa kufuata ufundi wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Naye Pénaud alikuwa amekwisha kurusha mfano wa ndege kwa sekunde 11 katika bustani ya Tuileries mjini Paris mwaka 1871. Watoto wale wakakiita popo. Kilipovunjika, wakajitengenezea vingine. Kisha wakataka kikubwa zaidi, na hapo wakastaajabu: kadiri walivyokikuza, ndivyo kilivyokataa kuruka. Ndio wale ndugu wawili waliokuja kurusha ndege yenye mashine mwaka 1903.

Sababu ya mambo hayo mwanafunzi aweza kuipata kwa kalamu. Chukua Stratos wa sentimita 14. Mkuze mara 12 na nusu, awe mtu wa sentimita 175. Eneo la mabawa yake litaongezeka mara 12 na nusu zidisha kwa 12 na nusu, yaani mara 156 hivi. Lakini uzito waongezeka kwa urefu, kwa upana na kwa unene, yaani mara 1,953. Mabawa yamekua, lakini mzigo umeyapita kwa mbali. Ndiyo maana albatrosi, ndege wa baharini ambaye mabawa yake yakitandazwa yaweza kufika mita 3 na nusu, ana uzito wa kilo kama kumi tu, na mifupa yake mingi ina uwazi ndani. Ndiyo maana pia njiwa ana misuli ya kifua inayofikia kama robo ya uzito wake wote, imejishika katika mfupa uliosimama kama mkuku wa mashua. Mbuni anayejua hayo humpa mtu-ndege wake kifua kilichotokeza mbele na kiuno chembamba. Na mtoto, pasipo kufundishwa, humwamini.

Jinsi ya kusimama

Nimesema kwamba sanamu ikianguka kila mtu aona. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza ya watu-ndege. Mabawa ya mgongoni huvuta nyuma, chombo cha kurukia huvuta nyuma, na mguu wa mwanadamu una kisigino kifupi. Basi sanamu yalala chali. Mafundi hutumia dawa nyingi. Hutengeneza mabawa mepesi, yenye mashimo au nyama nyembamba. Huyaweka yaelekee mbele kidogo kupita mabega. Hukuza nyayo, au huzitoboa tundu chini ili ziingie katika kibao chenye kijiti.

Lakini dawa iliyo bora ipo kwa ndege mwenyewe. Ndege wengi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na hicho cha nyuma chaweza kuwa nguzo. Fundi akimpa mtu wake mguu wa tai badala ya kiatu, amepata kisigino kirefu bila kuharibu umbo. Watu wengi huchora mguu wa ndege kama mguu wa mtu uliovunjika, goti likikunjika kwa nyuma. Sivyo. Pale panapokunjika kwa nyuma ni kifundo cha mguu. Goti la ndege liko juu, limefichwa katika manyoya, nalo hukunjika mbele kama letu. Ndege yuatembea kwa ncha za vidole. Mbuni anayelijua neno hilo huweka kiungo mahali pake, na sanamu huchuchumaa kama ndege kweli. Asiyelijua hutoa kitu ambacho macho hukikataa, hata kama mtazamaji hawezi kusema kosa liko wapi.

Kutoka nta hata chuma

Baada ya michoro ya mbele, ya ubavu na ya nyuma, zamani mchongaji alifinyanga mwili kwa udongo au nta. Siku hizi wengi huchonga ndani ya kompyuta, kisha mashine huchapa umbo tabaka juu ya tabaka. Mwisho wa njia zote mbili ni mmoja: kalibu ya chuma. Ni vipande viwili vizito vinavyokutana kama viganja vya mtu anayeomba. Plastiki ya moto husukumwa ndani kwa nguvu, hupoa, na viganja hufunguka.

Kufunguka huko ndiko kunakoamua sura ya bawa. Kila unyoya unaojikunja kwa ndani hunasa katika chuma, na kipande hakitoki. Kwa hiyo manyoya ya plastiki huchongwa kama mifereji ya juu juu, yote yakitazama upande ambao kalibu itafungukia. Ncha ndefu na nyembamba nazo ni taabu: plastiki ngumu huvunjika, laini hupinda ikikaa juani. Wengi huchagua laini, kwa maana ncha ngumu ya bawa ikielekea jicho la mtoto ni kisu.

Kalibu ni ghali, ghali kuliko yote mengine, na ndiyo maana viwanda hupenda kuitumia moja mara nyingi. Stratos hakupewa mwili wake mwenyewe. Kifua chake chenye malaika ni kile kile cha Beast Man, mtu-mnyama wa rangi ya machungwa. Walibadili rangi, kichwa na vifaa. Na kipanga wa mfululizo huo huo, aitwaye Zoar, aliyetoka mwaka 1983, alikuwa amekwisha kuuzwa kama tai wa sanamu za zamani za Big Jim. Msomaji asidhani ni udanganyifu. Mshonaji naye hutumia kielelezo kimoja cha karatasi kwa kanzu kumi. Lakini yaonyesha jinsi vifaa vilivyo na nguvu: mwili wa mnyama wa porini, ukivikwa vipande viwili vya mabawa na chombo cha mgongoni, ukawa mwili wa mtu wa mawinguni, na watoto hawakulalamika.

Roketi ya mgongoni

Sasa tuseme neno zito. Katika vifaa vyote vya kurukia, kinachomvuta mtoto kupita vingine ni kile kinachofyatuka. Bawa hutikisika, roketi huondoka. Kuanzia mwaka 1978 kampuni ya Kenner ya Cincinnati ilikuwa ikiuza sanamu ndogo za sinema ya Star Wars, zenye urefu wa sentimita 9 na nusu, nazo zilitakwa mno. Kwa ajili ya mwaka 1979 ikatangaza sanamu mpya ya Boba Fett, mwindaji wa watu, mwenye kofia ya chuma na chombo cha kurukia mgongoni. Na katika chombo hicho roketi nyekundu ambayo ingefyatuka kweli kwa springi. Mtoto hakuweza kuinunua. Alitakiwa kukata alama nne kutoka pakiti za sanamu nyingine, azitume kwa posta, kisha angoje.

Wakati huo huo, mwishoni mwa mwaka 1978, mtoto wa kiume wa miaka minne huko Marekani alikuwa akichezea ndege ya plastiki ya hadithi nyingine, Battlestar Galactica, iliyotengenezwa na Mattel. Ndege hiyo ilifyatua kombora dogo. Kombora likamwingia katika njia ya pumzi, naye akafa. Mwanzoni mwa mwaka 1979 Mattel iliyaondoa makombora yale, na baadaye ndege hizo zikatengenezwa upya, makombora yakiwa yamefungwa yasiweze kutoka.

Habari hiyo ilifika Cincinnati, ambako mafundi wa Kenner walikuwa wangali wakihangaika na roketi yao. Walikuwa wamejaribu komeo ndogo inayoteleza katika mfereji wa umbo la herufi L. Haikuridhisha, wakajaribu umbo la J, ili roketi isifyatuke pasipo kusudi. Waza kidogo juu ya watu hao. Walikuwa mastadi, na kifaa chao kilifanya kazi. Matangazo yalikwisha kuchapishwa kwenye pakiti, watoto walikuwa wakikata alama kwa mkasi. Na sasa swali la mezani liligeuka. Halikuwa tena jinsi ya kuishika roketi hata mtoto atakapotaka. Likawa kama inafaa iondoke hata kidogo.

Wakaamua isiondoke. Roketi ikagandishwa mahali pake, na mtoto aliyetuma alama zake alipokea sanamu pamoja na barua fupi ya kumweleza kwamba kifyatuo kimeondolewa kwa ajili ya usalama. Bila shaka wengi walikasirika. Mtoto wa miaka saba aliyengoja posta kwa majuma mengi hajui habari za njia ya pumzi; ajua kwamba aliahidiwa roketi inayoruka, akapewa roketi isiyoruka. Hasira yake ni ya haki, na uamuzi wa kiwanda ulikuwa wa haki vilevile. Sioni njia ya kuyapatanisha mambo hayo mawili, wala sidhani mafundi waliiona. Zile chache za majaribio, zilizofyatua kweli, zilibaki kwa wafanyakazi. Na mwaka 1984 ulipokuja na kupita, ziligeuka kuwa hazina za kutafutwa. Mwaka 2024 mojawapo iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa zaidi ya nusu milioni ya dola.

Serikali ya Marekani nayo ilitoa kanuni iliyoanza kushika tarehe 1 Januari 1980. Wakaguzi hutumia kikombe kidogo cha chuma, chenye upana wa milimita 31.7, na kitako chake ni cha mshazari, kina chake kikianzia milimita 25.4 upande mmoja hata 57.1 upande wa pili. Kikombe hicho ni mfano wa koo la mtoto mdogo. Kitu chochote kinachoingia chote ndani yake hakiruhusiwi katika vitu vya kuchezea vya watoto wasiotimiza miaka mitatu. Kwa wale wa miaka mitatu hata sita, sheria ya mwaka 1994 iliagiza onyo liandikwe wazi kwenye pakiti.

Mzazi aweza kupata kipimo cha karibu na hicho nyumbani pasipo kununua chochote: bomba la ndani la karatasi ya choo. Bomba hilo ni pana kidogo kuliko kikombe cha wakaguzi, kwa hiyo linakataa hata vitu ambavyo kikombe kingevikubali, na katika jambo hili ni heri kipimo kikali. Kitu kinachopita humo asiachiwe mtoto anayetia kila kitu kinywani. Watoto wetu huchezea pia vitu visivyotoka kiwandani: vizibo, mbegu, betri kuukuu za saa. Kipimo ni kile kile.

Bawa linalotikisika bila kutoka

Mafundi hawakukubali kwamba mtu-ndege akae kama jiwe. Kama kitu hakiruhusiwi kuondoka mwilini, basi mwili wenyewe na utende. Mwaka 1984 Kenner, kampuni ile ile ya roketi iliyogandishwa, ilitoa Hawkman katika mfululizo uitwao Super Powers. Ukimtazama huoni kamba wala kitufe. Lakini ukiiminya miguu yake miwili pamoja, mabawa ya mgongoni hupiga: chini, juu, chini. Mtambo umejificha kifuani. Nguvu ya vidole vya mtoto hupanda toka mapajani, hupita kiunoni, hugeuza mwelekeo, na kutokea mgongoni. Kwa maoni yangu hakuna mtu-ndege wa plastiki aliyebuniwa vizuri kuliko huyo. Madini ya ajabu ya waandishi wa 1940 yamepata badala yake: ni mkono wa mtoto.

Kampuni hiyo ikarudia wazo lile mwaka 1987 kwa njia nyingine katika sanamu za SilverHawks, askari wa anga wenye miili ya chuma na nyama. Kwao miguu ikiminywa, mikono huinuka na mabawa huonekana chini ya kwapa. Hapo mkono ni bawa tena, kama kwa Stratos na kama kwa furukombe.

Mtambo wa namna hiyo una gharama yake. Sanamu yenye vyuma vidogo kifuani haiwezi kugeuza kiuno, na mapaja yanayoendesha mabawa hayawezi kuchuchumaa. Mbuni huchagua. Wa siku hizi wengi wamechagua viungo vingi kuliko mitambo, kwa kuwa wanunuzi wao wengi wamekuwa watu wazima wanaopanga sanamu rafuni. Hao hupewa nguzo ya plastiki angavu, isiyoonekana sana, inayomshika mtu-ndege kiunoni na kumwacha aning'inie hewani, mabawa wazi, vidole vya miguu vikielekea nyuma kama vya ndege anayepaa.

Mtoto akipewa sanamu ya namna hiyo, nguzo hubaki katika sanduku. Humkamata mtu-ndege kiunoni, mahali pale pale ambapo nguzo ingemshika, akatoka naye mbio hadi uani.